Theluji ya Kupitia

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, wiki ya tatu ya Aprili. Vibaraza vya Val Thorens, kijiji cha skii kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa, vimejaa watu. Wamelegeza vifungo vya buti, wamevaa miwani ya jua, na nyuso zao zimebabuka isipokuwa duara jeupe kuzunguka macho. Juu yao milima ni myeupe mpaka kileleni. Mgeni angeapa kwamba hapa hakuna haraka ya lolote. Lakini kwenye meza ya pembeni kuna mama aliyekunjua ramani ya karatasi juu ya sahani ya chipsi. Kidole chake kinaondoka Val Thorens, kinapanda kigongo, kinashuka bondeni, kinapanda kigongo kingine, kinaishia Courchevel, alikolala jana na alikoacha mswaki wake. Mumewe anaagiza kahawa ya pili. Yeye anatazama saa.

Msikilizaji, kati ya meza hiyo na mswaki huo kuna vigongo viwili vya milima na bonde zima katikati. Lifti ya kwanza ya kuwarudisha hufungwa karibu na saa kumi. Wakiikosa hawatalala nje, maana barabara ipo. Ila barabara ya milimani haivuki vigongo kama lifti. Inateremka mpaka mji wa Moûtiers, chini kabisa, halafu inaanza kupanda upya upande wa pili. Ni karibu kilomita 60, saa moja na nusu hivi za kona juu ya kona, na dereva wa teksi atadai euro mia na zaidi.

Mazungumzo ya leo ni ya safari hiyo: namna watu wanavyovuka kutoka kituo kimoja cha skii kwenda kingine wakati msimu unaelekea ukingoni.

Kwa asiyewahi kuona, mambo yenyewe yako hivi. Kituo cha skii ni kijiji chenye lifti za kumpandisha mtu mlimani na njia zilizosawazishwa za kumshusha, mbao mbili zikiwa zimebanwa miguuni. Bonde hili lina lifti zake, bonde jirani lina zake. Siku lifti mbili zinapokutana juu ya kigongo kimoja, kila moja ikitokea upande wake, vijiji viwili vimeungana. Mtu anakunywa chai huku, anakula cha mchana kule, hajagusa gari, na mfukoni ana kadi moja inayofungua vizuizi vyote.

Eneo kubwa kuliko yote ya aina hiyo ni Les Trois Vallées, yaani Mabonde Matatu, katika jimbo la Savoie. Lina njia za kilomita 600. Méribel ilianzishwa mwaka 1938 na Mskoti aliyeitwa Peter Lindsay. Courchevel ilianza kujengwa mwaka 1946, na iliyoijenga ni serikali ya jimbo lenyewe. Les Menuires na Val Thorens zilifuata baadaye, kwenye bonde la tatu. Sehemu ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Albertville, mwaka 1992, ilifanyika humo humo: wanawake wa skii ya kushuka milima walishindana Méribel, wanaume wa mbio za kupinda kati ya vijiti walishindana Les Menuires, warukaji walikuwa Courchevel. Hata mji mdogo wa chemchemi za maji moto, Brides-les-Bains, ulioko mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, ulipata lifti yake ya kupanda hadi Méribel kwa ajili ya michezo hiyo.

Sasa, mtu akisikia mwisho wa msimu hudhani theluji imekwisha. Haijakwisha. Val Thorens iko mita 2300, na ndicho kituo kilicho juu kuliko vyote barani Ulaya. Kwa kawaida huendelea mpaka mwanzoni mwa Mei, wakati Paris watu wameshavaa mashati ya mikono mifupi. Theluji ya kuchezea ipo tele kule juu. Inayokwisha kwanza ni theluji ya kupitia.

Sababu iko kwenye umbo la nchi. Kutoka kigongo hadi kigongo mtu hapai kama mwewe. Lazima ateremke bondeni ndipo apande tena. Kigongo cha Saulire, kati ya Courchevel na Méribel, kina mita 2700 na ushee. Kigongo cha pili, pale Mont de la Chambre, kina mita 2850. Huko juu baridi ipo. Lakini katikati kuna Mottaret, mita 1750, na chini yake Méribel yenyewe, mita 1450. Ukanda wa nyasi unaotokeza pale Mottaret, hata uwe mita mia tu, unatenganisha dunia mbili zenye theluji nzuri. Ni kama shanga za kiunoni: uzi ukikatika sehemu moja, shanga zote bado ni nzima, lakini si mshipi tena.

Theluji ya Aprili nayo haina tabia moja kwa siku nzima. Usiku, anga likiwa safi, joto la theluji hupotelea juu na uso wake huganda, hata kama kipimajoto cha kijijini kinasoma nyuzi mbili tatu juu ya sifuri. Usiku wa mawingu haigandi vizuri, maana mawingu ni blanketi. Asubuhi njia iliyoganda huwa ngumu kama sakafu ya saruji, na mbao za skii hukwaruza juu yake kwa kelele inayotangulia kabla mwenyewe hajatokea konani. Jua likipanda, tabaka la juu linalegea, sentimita mbili au tatu tu, na theluji inakuwa punje punje kama chenga za mchele. Hiyo ndiyo saa tamu. Mbao zinauma kidogo, zinateleza, zinatii. Baada ya hapo jua linazidi, maji yanajaa kati ya punje, na chenga zinageuka uji. Uji huo hushika mbao kwa chini kama matope yanavyoshika ndala. Mguu mmoja unasimama, kiwiliwili kinaendelea na safari.

Hapa msikilizaji wa Kiswahili ana nafuu moja. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, na theluji pia inahesabu hivyo hivyo. Wazungu wa Alps wanahesabu vingine, na Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele. Kwa hiyo Aprili, katika Mabonde Matatu, jua linapofika utosini saa za ukutani zinaonyesha saa saba na nusu mchana. Lifti zinafunguliwa saa tatu asubuhi, lakini kwa hesabu ya jua ni mapema zaidi: hata saa nne ya mkononi ni kama saa mbili na nusu ya jua. Ndiyo maana aliyewahi kwenda mwezi wa Februari, akaizoea lifti ya kwanza, akirudi Aprili na kuidaka lifti ile ile anajikuta juu ya barafu tupu.

Na kila mteremko una saa yake. Unaotazama mashariki huamka mapema na kuchoka mapema. Wa kusini hufuata. Wa magharibi hulala mpaka karibu na adhuhuri. Wa kaskazini siku nyingine hauamki kabisa, na hiyo ndiyo sifa yake.

Turudi kwa yule mama, tufuate nyayo zake tangu asubuhi. Aliondoka Courchevel saa tatu na nusu. Courchevel miteremko yake mingi inatazama kaskazini, kwa hiyo theluji ilikuwa kavu na imara, na gari kubwa la nyaya likawafikisha Saulire bila shida. Mambo yalibadilika walipovuka kigongo. Upande wa kushukia Mottaret unatazama magharibi. Saa hiyo ulikuwa bado kivulini, umeganda tangu usiku, na alama za mbao za jana zimekuwa mifereji ya barafu. Walishuka kwa ubavu, wameuma meno, magoti yanatetemeka. Waliobaki upande wa Courchevel mpaka karibu na adhuhuri, wakazunguka zunguka kwenye theluji nzuri ya nyumbani, walipita pale pale baadaye wakiimba. Kutangulia si kufika.

Mottaret walipanda lifti kuelekea Mont de la Chambre. Chini ya miguu yao, wakining'inia kwenye viti, mteremko unaotazama mashariki ulikuwa umeshaamka, umekuwa chenga safi. Hawakuwa na muda wa kuuonja. Safari ilikuwa ya Val Thorens. Huko walifika saa sita, wakateleza, wakala, wakakaa. Kwenye ramani ile safari ya kurudi inafanana na ya kwenda, ila mishale imegeuzwa. Juu ya theluji hazifanani hata kidogo. Ule mteremko wa mashariki walioupita asubuhi sasa umepigwa na jua siku nzima, umechimbwa na maelfu ya mbao, umekuwa matuta ya uji yanayofika kwenye mashavu ya miguu. Asubuhi kikwazo kilikuwa barafu ya upande wa magharibi. Jioni kikwazo ni uji wa upande wa mashariki. Anayepanga siku kwa ramani peke yake anakutana na vyote viwili. Anayepanga kwa jua anakwepa kimoja.

Kuna na jambo la aibu. Wanaoteleza wengi hawapendi kuonekana wakishuka mlima kwa lifti, kana kwamba wameshindwa mtihani. Lakini lifti za vibanda, zile za kukaa ndani kama behewa dogo, hushusha watu vile vile zinavyopandisha. Kutoka Saulire kwenda Mottaret iko moja. Asubuhi ya barafu, au jioni magoti yanapogoma, wenyeji huingia humo na mbao zao bila kumtazama mtu usoni, wakafika chini kwa dakika chache, wakaendelea na siku. Wenye aibu huwapata nusu saa baadaye, wamelowa jasho.

Taabu nyingine ambayo ramani haionyeshi ni ubapa. Vijiji vingi vimeunganishwa kwa njia za tambarare zinazofuata ubavu wa mlima, na hizo ndizo huonja uji kwanza. Kati ya Mottaret na Méribel kuna njia ya rangi ya kijani, yaani rahisi kuliko zote, iitwayo Truite. Ni jina la samaki wa mito ya baridi. Njia yenyewe inafuata kijito cha bonde, na mwezi Januari mtoto wa miaka sita huipita akiimba. Mwishoni mwa Aprili, saa kumi alasiri, Truite inaelekea kurudi kwenye jina lake. Ukingoni theluji imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Pana sehemu za kahawia ambako mawe yanachungulia. Maji yanasikika chini ya theluji kabla hayajaonekana. Mtu anafika tambarare akiwa na kasi yake, mara mbao zinanyonywa na kusimama, na kutoka hapo ni kusukuma kwa fimbo mbili, mikono ikiwaka moto. Wenye ubao mmoja miguuni, ambao hawana fimbo, huuvua, wakauweka begani, wakatembea.

Kazi hiyo ya kusukuma Mkenya mmoja aliijua mbele ya dunia nzima. Philip Boit, mkimbiaji aliyefundishwa skii ya masafa, alishindana katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, mbio za kilomita 10. Ilikuwa siku ya mvua na theluji nzito inayogandama. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda, na Boit akafika wa mwisho, kama dakika 20 nyuma. Dæhlie alikuwa bado anamsubiri kwenye mstari amkumbatie, na baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Skii ya kushuka milima, ambayo ndiyo hasa ya watalii wa Courchevel, nayo imepata Mkenya wake: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliyeshindana Pyeongchang mwaka 2018.

Mabonde Matatu yana bahati ya urefu. Tazama sasa eneo lililo chini zaidi. Mpakani mwa Ufaransa na Uswisi kuna vijiji dazeni moja vilivyounganishwa kwa jina la Portes du Soleil, maana yake Milango ya Jua. Aliyelisukuma wazo hilo ni Jean Vuarnet, kijana wa Morzine aliyeshinda medali ya dhahabu ya mbio za kushuka kwenye Olimpiki ya Squaw Valley, Marekani, mwaka 1960. Aliporudi nyumbani alisaidia kuanzisha Avoriaz, kijiji kisicho na magari, ambako mpaka leo mizigo na wageni huvutwa kwa farasi kwenye barabara za theluji. Avoriaz iko mita 1800. Morzine, chini yake, iko kama mita 1000 tu. Ifikapo Aprili jua ndilo linalofunga milango iliyopewa jina lake. Mtu anaweza kuamka Morzine akasikia ndege wakiimba na kuona ng'ombe wanatolewa nje, akapanda lifti, akakuta baridi na theluji, akavuka mpaka kuingia Uswisi, na jioni akalazimika kurudi kijijini kwa lifti hiyo hiyo, kwa sababu chini kabisa hakuna cha kutelezea ila majani.

Huko pia kuna mteremko mashuhuri wa kuvukia kwenda Uswisi, unaoitwa Ukuta wa Uswisi, katika kigongo cha Chavanette. Una kilomita moja hivi, na mwanzo wake ni mkali kiasi kwamba anayesimama juu haoni unakoelekea mpaka ameshaanza kushuka. Ukiganda asubuhi haufai kwa mtu wa kawaida. Wahusika wanajua, na lifti ya viti ya pembeni huwashusha wasioutaka.

Wahandisi wameliona tatizo hili kitambo, na jibu lao limekuwa kuacha kugusa bonde. La Plagne na Les Arcs ni majirani wa Savoie waliotazamana kwa miongo kadhaa bila kufikiana, kwa sababu kati yao kuna korongo lenye kina. Desemba 2003 likafunguliwa gari la nyaya liitwalo Vanoise Express. Lina vyumba viwili vya ghorofa mbili mbili, kila kimoja kinabeba watu 200, na kinapita umbali wa kilomita 1.8 kwa dakika nne, kikiwa mita 380 juu ya ardhi pale palipo na kina zaidi. Chini miti inaweza kuwa ya kijani kibichi na mto umefura, anayevuka hahusiki. Kitzbühel, Austria, kijiji kilicho chini ya mita 800, kilijenga la kwake mwaka 2004. Whistler, Kanada, iliunganisha milima yake miwili Desemba 2008 kwa safari ya kilomita 4.4, ambayo kilomita 3 zake hazina hata nguzo moja chini yake. Na mwaka 2016 Lech na Zürs za Austria ziliungana na St. Anton kwa lifti, baada ya miaka mingi ya watu kupanda basi wakiwa na buti za skii, mbao mikononi, wakichoma choma wenzao.

   

Kupanda juu zaidi hakumalizi shida, kunaibadilisha tu. Zermatt ya Uswisi na Breuil-Cervinia ya Italia zimeunganishwa kupitia barafu ya kudumu chini ya mlima wa Matterhorn. Kituo cha juu, Klein Matterhorn, kiko mita 3883, na watu huteleza huko mwaka mzima. Julai 2023 ilifunguliwa sehemu ya mwisho ya nyaya, na sasa hata asiyejua skii anaweza kutoka nchi moja hadi nyingine akiwa ameketi. Huko kuyeyuka si hofu kubwa. Hofu ni upepo. Kigongo cha mpakani kina karibu mita 3500, na upepo ukivuma lifti husimamishwa bila kujali nani yuko upande gani. Aliyetoka Zermatt kwenda kula pizza Cervinia akabaki huko, anaanza safari ya gari ya zaidi ya saa tatu: kushuka hadi bonde la Aosta, kupita handaki la Great St Bernard, kuingia Uswisi, kuzunguka mpaka Täsch, na hapo kuacha gari, kwa kuwa Zermatt hairuhusu magari ya kawaida, amalizie kwa treni. Ndiyo sababu wenyeji huambia wageni wabebe pasipoti kwenye koti la skii, na wakae na euro kidogo mfuko mmoja, faranga mfuko wa pili.

Wako pia waliotengeneza mzunguko. Katika Dolomites, kaskazini mwa Italia, njia ya Sella Ronda inauzunguka mlima mmoja, Sella, kupitia vizingiti vinne, yaani mapito ya milimani: Gardena, Campolongo, Pordoi na Sella. Ni kama kilomita 40 ukijumlisha lifti, na inapita mabonde ambako watu bado wanazungumza Kiladin, lugha iliyobaki tangu Kilatini kiliposambaa milimani humo. Alama za rangi ya machungwa zinazunguka kama mshale wa saa. Za kijani zinakwenda kinyume. Ushauri wa pale ni kuanza kabla ya saa nne asubuhi na kuvuka kizingiti cha mwisho kabla ya saa tisa na nusu. Mzunguko hauna kurudi nyuma: ukifika nusu, mbele na nyuma ni sawa. Mwisho wa msimu kuchagua rangi ni kuchagua jua, maana anayezunguka kinyume anashuka miteremko inayotazama pande nyingine.

Basi mtu afanye nini, akiwa na wiki moja ya Aprili na hela yake amekwisha kuilipa? Kwanza, mahali pa kulala. Anayelala katikati, kwa mfano Mottaret, anavuka kigongo kimoja tu kwenda upande wowote, na kimoja kurudi. Anayelala juu, Val Thorens, ana hakika ya theluji mlangoni hata viunganishi vikifa. Anayelala pembeni na chini ndiye mwenye safari ndefu na mlango wenye nyasi.

Pili, kadi. Kadi ya mabonde yote ina maana siku ambazo viunganishi viko wazi. Vikifungwa, mtu amelipia milima anayoiona kwa macho tu. Wiki za mwisho ni heri kununua ya bonde moja, kisha kuongeza siku ambayo hali inaruhusu. Kosa la kinyume lipo pia: mwenye kadi ya bonde moja anateleza bila kuona mpaka, maana mlimani hakuna ukuta, akafika lifti ya jirani, kizuizi kikakataa kufunguka, akalipa upya ili arudi kwake.

Tatu, taa. Chini ya kila lifti kubwa kuna ubao wenye ramani na vitaa, kijani kwa kilicho wazi na chekundu kwa kilichofungwa. Mwezi Februari watu huupita bila kuutazama. Aprili huzungukwa kama mbao za matangazo ya mitihani, na macho yanatafuta vitaa viwili vitatu tu, vile vya viunganishi. Kitaa kinaweza kuwa kijani asubuhi na chekundu saa nane, kwa sababu joto la alasiri hulegeza theluji ya miteremko mikali na kuiporomosha, nzito na yenye maji, na walinzi wa mlima hawasubiri iporomoke ndipo wafunge.

Haya yote yanazidi kuwa ya lazima mwaka hadi mwaka, kadiri majira ya baridi yanavyopata joto. Kituo kidogo cha La Sambuy, si mbali na Mabonde Matatu, kiliamua mwaka 2023 kung'oa lifti zake, kwa kuwa siku za theluji hazikutosha tena kulipa gharama. Vituo vikubwa vimejibu kwa mizinga ya kutengeneza theluji, na inafundisha kuona inakopangwa: si kwenye mteremko maarufu wa mabingwa tu, ni hata kando ya njia za kawaida za kupitia, ambazo hakuna anayezipiga picha.

Saa kumi kasoro dakika kumi, yule mama na mumewe wako kwenye foleni ya lifti ya viti. Kahawa ya pili ilinywewa kwa kusimama. Wanapanda, miguu inaning'inia, jua liko begani. Juu ya kigongo mlinzi wa mlima mwenye koti jekundu amesimama na kamba iliyoviringwa mkononi, anawaangalia wanaoshuka kwenye viti, anawahesabu kwa macho. Wanapita. Mbele yao ni matuta ya uji mpaka Mottaret, kisha kibanda cha kupanda Saulire, kisha upande wa kaskazini, ambako theluji ya Courchevel bado ni ngumu na tulivu. Nyuma yao mlinzi anaifungua kamba, anaivuta kutoka mlingoti hadi mlingoti, anaifunga, anaanza kushuka wa mwisho taratibu, akitazama kushoto na kulia kama kuna aliyebaki. Mwisho wa wiki hiyo kitaa cha njia yao kwenye ubao kitageuka chekundu, na kitabaki hivyo mpaka Desemba.